Vita Dhidi ya Herufi Bubu

Tarehe 27 Agosti 1906, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa mapumzikoni nyumbani kwake Oyster Bay, New York, na Bunge lilikuwa limekwenda likizo. Hapakuwa na wa kumwuliza. Siku hiyo alipeleka agizo kwa Charles Stillings, Mpigachapa wa Serikali, kwamba nyaraka za serikali zianze kuchapwa kwa tahajia mpya ya maneno 300. Neno "through" liandikwe "thru". "Though" liwe "tho". "Kissed" liwe "kist", "dropped" liwe "dropt", na "phantom" livuliwe "ph" livishwe "f".

Mtu aliyejifunzia kusoma kwa Kiswahili haoni ajabu yoyote hapo. Neno linaandikwa linavyotamkwa. Sasa ubaya uko wapi? Lakini siku chache tu baadaye nchi ilikuwa inamcheka rais wake. Magazeti yaliacha kujadili hoja, yakaanza kuandika habari zake kwa tahajia za kubuni, kila moja likitaka kulipita jingine kwa vituko. La Louisville, Kentucky, lilimwita "Rucevelt". Ng'ambo, magazeti ya London yalicheka na kukasirika kwa pamoja: huyu ni nani hata aichezee lugha yetu?

Mwanzoni mwa Septemba Roosevelt alikagua manowari za nchi yake zilizopangwa baharini karibu na Oyster Bay. Katikati ya shamrashamra hizo ikapita boti ya waandishi wa habari, na ubavuni, kwa maandishi yaliyosomeka kutoka mbali, ilikuwa na maneno "Pres Bot". Ilikuwa "Press Boat", ila imepunguzwa herufi kwa mujibu wa agizo la mheshimiwa. Roosevelt alipoiona aliangua kicheko.

Mahakama ya Juu haikucheka. Ilisema hukumu zake zitaendelea kuchapwa kwa tahajia ya zamani. Bunge liliporudi, Baraza la Wawakilishi likaamua kwa kura 142 dhidi ya 24 kwamba nyaraka zifuate tahajia ya kamusi zinazokubalika. Hiyo ilikuwa Desemba 1906, mwezi uleule Roosevelt aliotunukiwa Nobel ya Amani kwa kuzipatanisha Urusi na Japani. Mtu aliyeweza kuwakalisha meza moja wajumbe wa mataifa yaliyokuwa vitani alishindwa kulipitisha neno "thru". Aliliondoa agizo lake, akabaki kuitumia tahajia hiyo katika barua zake mwenyewe, ambako hakuna wa kumpigia kura.

Kinachonigusa katika kisa hiki ni udogo wa kosa lenyewe. Sehemu kubwa ya yale maneno 300 Wamarekani walikuwa tayari wanayaandika hivyohivyo: "color", "honor", "center". Hakuna aliyeyacheka hayo. Kelele zote zilitokana na maneno machache ambayo macho yalikuwa hayajayazoea.

Nyuma ya orodha hiyo alikuwapo tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, Mskoti aliyehamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Carnegie aliamini kwa moyo mweupe kwamba Kiingereza kingeweza kuwa lugha ya dunia nzima na kuleta amani kati ya mataifa, na kwamba kizuizi kikubwa ni tahajia yake. Mwaka 1906 aliahidi dola 15,000 kwa mwaka, kwa miaka mitano, ili Bodi ya Tahajia Rahisi ianze kazi New York. Wajumbe wake hawakuwa watu wa mitaani. Alikuwamo mwanafalsafa William James, alikuwamo David Brewer, jaji wa Mahakama ya Juu ileile, na alikuwamo Mark Twain, mchekeshaji mkubwa kuliko wote katika nchi hiyo.

Septemba hiyohiyo Twain alisimama mbele ya wakuu wa shirika la habari la Associated Press na kuwasihi watumie tahajia mpya kwa miezi mitatu tu. Hoja yake ilikuwa ya busara: habari za shirika hilo husomwa kila mahali, na jicho likikutana na neno kila asubuhi kwa miezi mitatu, ugeni wake huisha. Hawakumsikiliza. Mwaka uliofuata, kwenye karamu ya kumheshimu Carnegie, Twain alimgeukia mfadhili mwenyewe: Carnegie anahangaika na tahajia, kumbe ugonjwa uko kwenye alfabeti, ambayo haina hata irabu moja yenye sauti ya kutegemewa. Mzee wa watu alikuwa amealikwa kula, akaambiwa fedha zake zinatibu kiungo kisichoumwa.

Kufikia 1915 Carnegie alikuwa amechoka. Alimwandikia mchapishaji Henry Holt, mmoja wa viongozi wa Bodi, barua ya hasira akilalamika kwamba hajapata kuona kundi la watu lisilo na faida kama lile, na kwamba dola 25,000 kwa mwaka anaweza kuzipeleka kwenye mambo ya maana zaidi. Lakini hata katika hasira hiyo aliandika "hav" na "enuf". Alikuwa ameisusa Bodi bila kuisaliti tahajia. Alifariki 1919, na mwaka uliofuata Bodi nayo ikafa.

Kwa nini watu walicheka kiasi hicho? Jibu limo katika vitabu ambavyo Wamarekani walikuwa wanavisoma miaka 40 kabla ya Roosevelt. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, wachekeshaji waliopendwa kuliko wote walikuwa watu kama Artemus Ward na Josh Billings, ambao jina lao na chakula chao vilitokana na kuandika vibaya makusudi. Walijifanya watu wa shamba wasiokwenda shule, wakaandika kila neno kwa sikio. Rais Lincoln alimpenda sana Ward; Septemba 1862, katika kikao ambacho aliwaonyesha mawaziri wake tangazo la kuwakomboa watumwa, alianza kwa kuwasomea kisa cha Ward. Kizazi kizima, basi, kilifundishwa kwamba "wuz" na "enuf" maana yake ni ucheke. Halafu wakaja maprofesa na majaji, wakawaambia watu walewale kwamba "enuf" sasa ndiyo tahajia ya taifa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na naamini ndipo waliposhindwa wanamageuzi wote kabla na baada ya Roosevelt. Tahajia iliyorekebishwa inafanana kabisa na kosa la mtoto. Anayesoma "kist" haoni kanuni safi; anaona mtu ambaye hakusoma. Na mtu aliyeteseka miaka kuijua "kissed" hayuko tayari kufananishwa naye. Wanamageuzi walikuwa na hoja zote mkononi, na mara nyingi walishinda mjadala. Walichokosa ni dawa ya kicheko.

Hoja zenyewe hazikuwa chache. William Caxton alianzisha uchapaji Westminster mwaka 1476, wakati irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mabadiliko makubwa yaliyochukua karne kadhaa. Matbaa iliyagandisha maandishi huku vinywa vikiendelea na safari yao. Ile "gh" ya "night" na "k" ya "knee" zilikuwa zinatamkwa kweli zamani. Sauti zikafa, herufi zikabaki.

Nyingine hazikuwahi kuwa na sauti hata siku moja. Wasomi wa karne ya 15 na 16, waliokuwa wanakiabudu Kilatini, walipoona "dette" imetokana na neno la Kilatini "debitum", walichomeka "b" ili ukoo wake uonekane. Ndivyo tulivyoipata "debt". "Doubt" ilipachikwa "b" kwa namna hiyohiyo. Kituko kikubwa zaidi ni "island". Hili ni neno la Kiingereza cha kale lisilo na "s" wala undugu wowote na Kilatini, nalo liliandikwa "iland". Wakaja wajuaji, wakadhani linatokana na "insula", wakalipa "s". Mwanafunzi wa Tanga au Kisumu anayekatwa alama moja kwenye imla kwa kuandika "iland" ameandika sahihi kuliko hao waliomtungia mtego miaka 400 iliyopita. Hilo linaniuma, na sioni kwa nini lisiniume.

Waliotaka kurekebisha walijitokeza mapema. John Hart alitoa kitabu chake London mwaka 1569, akitaka kila sauti iwe na herufi moja na kila herufi sauti moja. Mara likazuka swali ambalo halijawahi kupata jibu: sauti ya nani? Mwaka 1619 Alexander Gill, mwalimu mkuu wa shule ya St Paul's, alitoa mfumo wake mwenyewe, na humo akamshambulia Hart kwa kunakili matamshi ya watu wenye madaha badala ya matamshi ya wasomi. Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi ya wanamageuzi kupigana wao kwa wao kabla hawajamfikia adui.

Nampenda zaidi kasisi Charles Butler wa Wootton St Lawrence, Hampshire. Butler alikuwa mfugaji nyuki. Kitabu chake cha 1609, "The Feminine Monarchie", kiliwaeleza Waingereza kwamba mzinga hutawaliwa na malkia, wakati wengi walidhani ni mfalme, na kinaheshimiwa hadi leo na wafugaji nyuki. Lakini Butler alikuwa na penzi la pili, nalo lilikuwa tahajia. Mwaka 1634 kitabu hicho kilichapwa upya, safari hii kwa herufi na kanuni alizozitunga mwenyewe. Mkulima aliyekinunua ili ajue la kufanya kundi la nyuki likihama alilazimika kwanza kujifunza kusoma upya.

Benjamin Franklin alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1768, akiishi London, alibuni alfabeti iliyozitupa nje c, j, q, w, x na y, na kuingiza herufi sita mpya. Aliijaribu kwa Mary Stevenson, aliyeitwa Polly nyumbani, binti wa mama mwenye nyumba alimopanga. Polly alikuwa na akili kali. Alijifunza herufi zote hizo, kisha Septemba akamjibu Franklin kwa barua ndefu iliyoandikwa kwa alfabeti hiyohiyo, akimweleza kwamba anaona matatizo mengi: asili za maneno zitapotea, maneno yanayotamkwa sawa hayatatofautishwa, na vitabu vyote vilivyopo vitakuwa kazi bure. Mwishoni akasema kwamba kwa wepesi na kwa moyo wa kweli ataweka saini yake kwa namna ya zamani.

Franklin alimjibu kwa subira ya mwalimu: asili ya neno haituambii maana yake ya leo, na "knave", lililomaanisha kijana tu hapo zamani, sasa ni tusi. Alikuwa na haki. Hata hivyo, miaka 18 baadaye, alipompa wazo hilo Noah Webster pamoja na herufi za chuma alizokuwa amezichongesha, Webster alizikataa. Aliona herufi mpya zingewafukuza watu.

Webster ndiye pekee katika kisa hiki aliyeshinda, na inafaa tumtazame jinsi alivyoshinda. Mwaka 1783 alitoa kitabu cha kufundishia tahajia, na kikauzwa mamilioni ya nakala kwa vizazi. Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imejitoa mikononi mwa Uingereza na ilitamani kila kitu chake. Webster aliwaambia Wamarekani kwamba kuondoa "u" ya "colour" na "k" ya "musick" ni sehemu ya uhuru wao, na akawaambia wakiwa wadogo, darasani, kabla macho yao hayajazoea kitu kingine. Yaliyohitaji kunyofoa herufi moja yalipita. Yaliyobadilisha sura ya neno yalikwama: "tung" badala ya "tongue", "wimmen" badala ya "women". Katika mkusanyiko wa insha aliochapisha 1790, baadhi yake aliziandika zote kwa tahajia kali ya aina hiyo, na watu wakacheka. Aliporudi na kamusi kubwa ya 1828, alikuwa amejifunza kuomba kidogo.

Melvil Dewey hakujifunza kuomba kidogo. Huyu ndiye aliyebuni mwaka 1876 mfumo wa namba unaopanga vitabu katika maktaba nyingi duniani, za Afrika Mashariki zikiwemo. Alizaliwa akiitwa Melville. Akakata herufi mbili za mwisho zisizo na kazi, na kwa muda akaandika jina la ukoo "Dui". Alipoanzisha klabu ya mapumziko Lake Placid, New York, wageni walikuta orodha ya vyakula iliyopita kwenye ungo huohuo: samaki alikuwa "hadok", saladi ilikuwa "letis", viazi vya kupondwa vilikuwa "masht potato", na aiskrimu ilikuwa "ys cream". Nyumba moja ya wageni katika milima ya huko ingali inaitwa "Adirondak Loj", na kibao cha barabara kinasema hivyo. Klabu hiyohiyo iliwafungia milango Wayahudi, jambo lililochangia Dewey kuuacha wadhifa wake wa mkutubi wa jimbo, na siwezi kuusifu ujasiri wake wa herufi bila kulitaja hilo. Aliyeona dhuluma katika "gh" hakuiona mlangoni kwake.

Mwaka 1934 kazi ikachukuliwa na gazeti la Chicago Tribune chini ya Robert McCormick. Babu yake, Joseph Medill, aliyelifanya gazeti hilo kuwa na nguvu, alikuwa mpenzi wa tahajia mpya tangu karne ya 19. McCormick hakuomba ridhaa ya mtu. Wasomaji wakawa wanakuta katika gazeti lao "thru", "tho", "fantom" na "iland", lile la asili lisilo na "s" ya kubambikizwa. Lilikuwa jaribio aliloliomba Mark Twain, tena kwa miongo badala ya miezi mitatu. McCormick alifariki 1955, na maneno yakaanza kupungua. Septemba 1975 gazeti likayatupa hata "thru" na "tho". Wahariri walikiri kwamba walimu walichoka kuwaambia watoto kuwa wamekosea, nao watoto wakiwaonyesha gazeti.

Sasa George Bernard Shaw. Kila mtu anamtaja kwa "ghoti", lile fumbo linalosema neno hilo lisomwe "fish": "gh" kama ya "enough", "o" kama ya "women", "ti" kama ya "nation". Si lake. Fumbo hilo limo katika barua ya Desemba 1855, na Shaw alizaliwa Julai 1856. Pia linakionea Kiingereza, kwa sababu "gh" haisomwi "f" mwanzoni mwa neno hata mara moja. Kiingereza kina kanuni. Tatizo ni kwamba ni nyingi na zimepandana.

Shaw mwenyewe alikuwa na silaha nyingine, nayo ilikuwa saa. Alijipima akiandika neno "bomb", akapata mara 18 kwa dakika moja. Kisha "bom", akapata mara 24. Mwandishi mashuhuri, mwenye Nobel ya fasihi, alikaa mezani akaandika "bom, bom, bom" huku anatazama mshale wa sekunde. Kutoka hapo alipiga hesabu za kazi inayopotea katika himaya nzima ya Kiingereza kwa sababu ya herufi zisizo na sauti. Alikereka hata na jina lake: herufi nne kwa sauti mbili tu.

Alipofariki Novemba 1950, wosia wake uliagiza fedha zitumike kutunga alfabeti mpya ya Kiingereza yenye herufi zisizopungua 40, kila moja na sauti yake. Lile swali la Hart na Gill, sauti ya nani, Shaw alilijibu kwa maandishi: ya marehemu Mfalme George wa Tano, jinsi ilivyorekodiwa. Kisha tamthilia yake "Androcles and the Lion" ichapwe kwa alfabeti hiyo ubavuni mwa ile ya kawaida, na nakala zigawiwe maktaba. Wakati wosia unaandikwa fedha hazikuonekana kuwa nyingi. Lakini mwaka 1956 tamthilia yake nyingine, "Pygmalion", kisa cha profesa wa matamshi, iligeuzwa kuwa "My Fair Lady" jukwaani New York, mirabaha ikamiminika, na warithi wengine wakaenda mahakamani. Warithi hao walikuwa British Museum, Matunzio ya Taifa ya Ireland na chuo cha uigizaji cha RADA. Mwaka 1957 Jaji Harman aliamua kwamba kifungu cha alfabeti hakina nguvu kisheria. Baada ya makubaliano alfabeti iliachiwa pauni 8,300. Fedha zilizotokana na kisa cha profesa huyo zilikwenda kila mahali isipokuwa kwenye matamshi.

Kwa hizo kidogo likaandaliwa shindano. Zilikuja alfabeti 467. Waamuzi walishindwa kupata moja iliyo bora, wakawagawia watu wanne zawadi ya pauni 500, na mmoja wao, msanifu Kingsley Read, akapewa kazi ya kuikamilisha. Mwaka 1962 Penguin ikachapa "Androcles" kurasa mbili mbili: upande mmoja Kiingereza cha kawaida, upande wa pili mikunjo na ndoano ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Miaka minne baadaye, 1966, Read mwenyewe alitoa alfabeti nyingine, iliyoirekebisha ile ya kwanza.

Mtu angedhani Bunge la Uingereza lilikaa mbali na mambo haya. Hapana. Mwaka 1949 mbunge wa chama cha Labour, Mont Follick, alipeleka muswada wa kurekebisha tahajia kwa sheria, akaungwa mkono na James Pitman wa Conservative, mjukuu wa Isaac Pitman aliyebuni mfumo wa hatimkato unaobeba jina lake. Ulikataliwa kwa kura 87 dhidi ya 84. Kura tatu! Mwaka 1953 wakarudi na muswada mwingine, na safari hii ukapita hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 65 dhidi ya 53. Serikali ilishtuka, wakakubaliana uondolewe ili utafiti ufanyike shuleni. Matokeo yake yalikuwa alfabeti ya kuanzia ya Pitman, yenye herufi 44, iliyoingia madarasani kuanzia 1961. Watoto waliisoma haraka. Kisha, wakifika miaka saba hivi, waliambiwa waiache, waanze tahajia ya kweli. Wapo waliokua wakisema kwamba hadi leo hawajui waandike vipi. Hapo sicheki.

Na sababu ya kutocheka ni hii. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland, ambao lugha yao inaandikwa inavyotamkwa kama Kiswahili, walisoma sahihi maneno waliyoyazoea kwa asilimia 98. Watoto wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza, walipata asilimia 34. Hao ni wenye lugha. Mtoto wetu anayekutana na "Wednesday" na "enough" kama lugha ya tatu, kisha akafanyiwa mtihani wa hisabati na baiolojia kwa lugha hiyo, analipa deni ambalo hakulikopa. Wanaocheka "thru" wameshavuka mto. Hawa bado wako majini.

Sisi tahajia yetu tuliipata kwa njia nyingine. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na kwa za Kilatini kila mmisionari aliandika kwa sikio lake. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi kwa niaba ya serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikachukua Kiunguja kuwa msingi, na kitabu cha shule kilichokosa idhini yake hakikuingia darasani. Watu wa Mombasa walinung'unika, tena kwa haki, na utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ukabaki nje ya shule. Sisifu njia hiyo. Nasema tu kwamba ilikuwapo ofisi yenye muhuri. Kiingereza hakina ofisi hiyo. Hakina kamati, wala mfalme mwenye mamlaka juu ya herufi zake, na rais aliyejaribu tumekwisha kuona yaliyompata.

Hata hivyo hawajakoma. Chama cha tahajia kilichoanzishwa London mwaka 1908 kingali hai. Mwaka 2010, nje ya hoteli ya Washington yalikofanyika mashindano ya taifa ya tahajia, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa jina la nyuki, walisimama waandamanaji wachache, baadhi yao wamevaa mavazi ya nyuki ya manjano na nyeusi, wakigawa beji zinazosema kwamba "enuf" inatosha na "enough" imezidi. Ndani, watoto walikuwa wanashindana kwa umahiri wa jambo lilelile ambalo nje walitaka lifutwe.

Baada ya hapo chama kilibadili mbinu. Mwaka 2018 kiliitisha kongamano la kimataifa lililokusanya mapendekezo kutoka kwa kila aliyekuwa na mfumo wake, na mwaka 2021 washiriki wakapiga kura na kuuchagua ule wa Stephen Linstead, unaoyaacha maneno mengi ya Kiingereza jinsi yalivyo na kugusa yale tu yanayovunja kanuni. Hawakupeleka muswada Bungeni. Wanapendekeza uandikwe sambamba na tahajia ya zamani, na kila mtu achague.